Mawe Kumi Hadi Kihesa

Tangu nirudi, kila anayeleta saa yake kutengenezwa hukaa kwenye benchi langu na kuuliza ilikuwaje huko Iringa. Nimekwisha kusimulia mara kumi na moja, na kila mara nimegundua baadaye kwamba kuna kitu nimeruka. Mzee wa kanisa alipata habari za tope lakini hakupata za Bibi. Mwuza chumvi alipata za Bibi, akaenda kuzieneza sokoni bila tope. Kwa hiyo nimeandika, kituo kwa kituo, mpate yote mahali pamoja, nami nipate kufungua saa zenu kwa utulivu.

Kwanza niungame jambo. Kwa miaka saba nimewaambia kwamba nina kifua. Sina kifua. Ninachougua ni hofu. Hunijia nikiwa mahali ambapo siwezi kutoka upesi: ndani ya gari, kwa kinyozi, kanisani benchi la mbele. Moyo huanza kukimbia kama saa ambayo springi yake imechomoka, vidole hufa ganzi, na wazo langu huwa moja tu, kwamba nakufa na ninakufa mbele ya watu. Kisha hupita. Mganga wa hospitali alinisikiliza mgongoni na kifuani akasema moyo wangu ni mzima. Nikarudi nyumbani nikiwa na moyo mzima na hofu ileile.

Ndipo nilipoamua kujitengeneza kama ninavyotengeneza saa. Saa mbovu sijiulizi imerogwa na nani. Naiweka mezani, natazama inapoteza dakika ngapi na wapi. Nilinunua daftari. Kwa muda wa mwaka mzima niliandika kila hofu ilipoanza na ilipoisha, nikaona jambo lililonishangaza: hakuna iliyozidi dakika ishirini na mbili. Mengine niliyaokota hapa na pale, katika kipande cha gazeti kilichofungia sukari na katika maneno ya muuguzi mmoja, nikayajaribu na kuyaandika yaliyofaa. Navuta pumzi kwa mapigo manne ya saa na kuitoa kwa sita. Nimejitengea nusu saa ya wasiwasi, kuanzia saa kumi jioni, na wasiwasi unaokuja asubuhi nauambia usubiri zamu yake. Tena nina mawe kumi madogo, kila moja kama tunda la kahawa, niliyoyachagua kijitoni nyuma ya nyumba. Hofu ikija nahamisha jiwe kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Mkono ukiwa na kazi, kichwa hupata nafasi.

Sasa safari yenyewe. Mwanangu Ambakisye, seremala wa Mafinga, alikuwa amemposa Agneta, binti wa Mzee Kalinga wa Kihesa, Iringa. Mara mbili niliitwa nikazungumze na wakwe, na mara mbili niliondoka Mbeya. Ya kwanza nilishukia Uyole. Ya pili nilishukia Igurusi, nikarudi kwa miguu. Wakwe wakatuma neno: Jumamosi ile, saa sita mchana, aje baba mzazi kwa miguu yake mwenyewe, na akikosa asitumwe mtu mwingine tena, maana watajua tunawadharau. Nikikosa kufika, basi, uchumba umekufa. Lakini nikifika na hofu ikanishika mbele yao, umekufa vilevile. Hakuna ukoo, wetu wala wao, usiochunguza kama upande wa pili kuna ukoma au wazimu, na mtu mzima anayetetemeka bila homa mnajua huitwaje.

Mbeya hadi Chimala: mawe manne

Tuliondoka Alhamisi saa kumi na mbili na dakika arobaini, kwa lori lililobeba maharage. Dereva, Msangu mnene, alitaka kuniweka mbele pamoja naye kwa heshima ya mvi zangu. Nilimwomba nikae juu ya magunia. Akasema hajaona mzee anayekataa kiti. Nikamwambia napenda kutazama nchi, na kwa kweli niliitazama sana, kwa sababu nilikuwa natafuta mahali pa kurukia.

Jiwe la kwanza nililihamisha kabla hatujafika Uyole. La pili Uyole penyewe, tulipopita ule mti niliokaa chini yake mwaka uliotangulia na sanduku langu magotini. Nilitazama saa nikavuta pumzi. Dakika tisa. Igurusi lori lilisimama kupakia kuku, na miguu yangu ikaanza kushuka bila kuniuliza. Mguu wa kushoto ulikuwa tayari umekanyaga tairi. Nikahamisha la tatu, nikajiambia, mawe saba bado yako mfuko wa kulia, shuka yakiisha. Nikaurudisha mguu. Utingo, ambaye alikuwa mzee kuliko dereva na kuliko mimi, aliuliza kama nataka kwenda haja. Nikasema nilitaka, sasa sitaki.

Jiwe la nne lilitoka njiani, na baada ya hapo nikaona tunaingia Chimala. Sikuwahi kuiona Chimala kwa miaka saba. Ni vibanda, vumbi na harufu ya samaki, lakini niliitazama kama mtu aliyevuka bahari. Nilinunua ndizi za kuchoma na kuzila nikiwa nimesimama wima juu ya magunia, nikicheka peke yangu. Hapo ndipo Bi Zuhura aliponiona kwa mara ya kwanza, na baadaye aliniambia kwamba alifikiri nimelewa.

Igawa, ambako hatukukusudia kulala

Bi Zuhura ni mfanyabiashara wa Iringa, mtu wa makamo, asili ya wazazi wake pwani. Alipanda Chimala na magunia yake sita ya mchele wa Usangu, akayapanga na kuyakalia kama kiti cha enzi, akatuambia sote tusogee. Tulikuwa tumefika Igawa tu, springi ya nyuma ikakatika. Dereva alikwenda kutafuta nyingine, na habari alizoacha ni kwamba angerudi sasa hivi. Alirudi kesho yake.

Kwa mtu mwenye ugonjwa wangu kukwama ni sikukuu, kwa sababu gari lililokwama halimfungii mtu. Nilikaa kivulini nikatoa mawe, niyarudishe yote mfuko wa kulia, na nikayapanga kwanza juu ya leso kuyahesabu. Nilipoinua macho Bi Zuhura alikuwa amechuchumaa mbele yangu.

"Mzee wangu, mbona ulinificha?" akasema. "Haya, nitazamie. Mchele huu utafika mkavu?"

Nikamwambia mimi si mpiga ramli, ni fundi saa.

"Fundi saa gani anatembea na mawe? Sema tu wataka kuku kwanza."

Watu wanne walikuwa wamekwisha sogea, na mmoja wao alishika kuku kweli. Sikuona njia nyingine ila kumwita Bi Zuhura kando na kumweleza ukweli, mtu wa kwanza niliyemweleza maishani mwangu nje ya nyumba yangu. Nilimweleza kwa mpangilio, tangu dakika mpaka pumzi. Alisikiliza akiwa na mkono kinywani.

"Kumbe wahesabu woga," akasema mwishowe. "Mie hayo kumi yasingenitosha. Ningebeba gunia."

Akanitajia woga wake, nao ni radi, kisha akaniuliza niendako. Nilipotaja nyumba ya Mzee Kalinga wa Kihesa alicheka mpaka akashika mti, akasema anawajua, hununua mchele kwake. Nikamsihi asiseme neno. Akaapa kwamba mdomo wake umeshonwa, akaongeza kwamba nisiogope, nitapokelewa vizuri kuliko ninavyofikiri, na hakutaka kusema kwa nini.

Huo ulikuwa wasiwasi mzuri kabisa, nikautunza kwa ajili ya saa kumi. Lakini kabla ya saa kumi wanawake wa pale walitupikia wali na kambale wa kuchemsha na pilipili, Bi Zuhura akitoa mchele na wengine sote tukitoa kuni na maneno. Saa kumi kamili nilijitenga, nikafungua daftari, nikaanza kuhangaika kama nilivyopangiwa. Haikuwezekana. Nilijitahidi kuwaza aibu ya Kihesa, na kila nilipoifikia ilikuwa na ladha ya kambale. Saa kumi na nusu niliandika: "Leo wasiwasi haukuhudhuria." Nililala Igawa usingizi wa mtoto.

Baada ya Makambako: tope

Springi ilifungwa Ijumaa asubuhi. Tukapanda kutoka joto la Usangu hadi Makambako, ambako ukungu ulituvaa na watu wakaanza kutoa makoti. Mbele ya Makambako mvua ilikuwa imegeuza barabara kuwa uji, na lori likazama mpaka ekseli. Tulishuka wote, kama watu ishirini: Wabena, Wahehe, Wasangu, Wanyakyusa, isipokuwa Bi Zuhura, aliyebaki juu akilinda mchele na kutusimamia.

Tulisukuma nusu saa bila lori kutikisika. Kazi yangu imenizoeza kusikiliza, na nikasikiliza. Wabena waliokuwa kulia waliimba wa kwao na kusukuma penye kituo cha wimbo. Wasangu walihesabu kwa Kisangu na kusukuma kwenye tatu. Wahehe walisukuma mkubwa wao alipoguna. Hapakuwa na mvivu hata mmoja, ila hakuna wawili waliosukuma kwa wakati mmoja, na kila upande ulikuwa unalaumu mwingine kwa uvivu, tena kwa lugha ambayo mwingine haielewi vizuri.

Nilipanda juu ya tairi la akiba. Mimi niliyekuwa naogopa kusimama kusoma tangazo kanisani nilisimama nikatoa saa mfukoni, nikawaambia waache nyimbo. Tutavuta pumzi wote kwa nne, tutaitoa kwa sita, na tukiitoa tunasukuma. Mbena mmoja akauliza kama hiyo ni sala ya dhehebu gani. Nikamwambia ni ya dhehebu la saa. Tukaanza. Mara ya kwanza nusu yao walicheka. Mara ya pili kimya, nikasikia watu ishirini wanavuta hewa ya ukungu kwa pamoja, kama mvukuto mmoja mkubwa, na wakaitoa, na lori likajongea kama ng'ombe anayeamka. Mara ya nne lilitoka.

Walinipakaza tope hadi kichwani kwa furaha. Tangu hapo niliitwa Mzee Pumzi. Njia nzima hadi Mafinga walivuta pumzi hata mahali pakavu, kwa raha tu, na utingo akasema goti lake limeacha kuuma, jambo ambalo sikuliandika kwa sababu sina ushahidi. Siku hiyo nilihamisha jiwe moja. Nadhani nililihamisha kwa mazoea.

Mafinga

Ambakisye alikuwa barabarani tangu asubuhi, vumbi la mbao hata kwenye nyusi. Lori liliposimama alihesabu kwa macho watu waliopakwa tope mpaka akafika kwangu.

"Tata," akasema, maana ndivyo kwetu anavyoitwa baba, "ni wewe kweli au wamekuleta?"

Nikamwambia nimekuja kwa mawe matano tu. Yeye ameyajua mawe hayo tangu yalipookotwa. Akageuka akajifanya kufunga kamba ya kiatu.

Pale alikuwapo mshenga wetu, Mzee Luvanda, Mhehe, seremala mwenzake, mtu wa maneno mengi na meno machache. Alinieleza taratibu. Kesho nisiseme neno. Yeye ndiye mdomo wetu. Habari za ng'ombe zikifika, kwao hazitajwi kwa mdomo. Huwekwa vitu juu ya kigoda katikati, kimya, kimoja kwa ng'ombe mmoja. Yeye alikuwa ametayarisha vijiti vitano ndani ya koti, kama tulivyokubaliana kwa uwezo wetu. Nilisikiliza vizuri na kuandika: "Vijiti: Luvanda." Nililoliandika lilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika nilichofikiri, kwamba kitu lazima kiwe kijiti. Kwetu Rungwe ni vijiti.

Kihesa, Jumamosi saa sita

Tulifika saa tano na dakika hamsini na mbili, mimi nimevaa koti jeusi, mawe kumi mfuko wa kulia, Ambakisye kabeba kigoda alichokichonga mwenyewe kwa ajili ya wakwe. Nilikuwa nimepanga kukaa karibu na mlango. Lakini mgeni wa heshima, katika nyumba hiyo, hukaa ndani kabisa. Kadiri unavyoheshimiwa ndivyo unavyosogezwa mbali na mlango, na mimi, baada ya kusubiriwa mara mbili, niliheshimiwa hadi ukutani. Kulia kwangu alikaa kaka mkubwa wa Mzee Kalinga, kushoto mdogo wake, wote wawili wapana. Dirisha lilifungwa kwa ajili ya baridi. Kati yangu na mlango nilihesabu magoti ishirini na sita.

Salamu zilikwenda taratibu. Kamwene ya wazee, kamwene ya watoto, kamwene ya mvua. Luvanda akaanza hotuba. Ilipofika habari za mifugo moyo wangu ukachomoka.

Nikatazama saa. Nikavuta pumzi. Nikaingiza mkono mfuko wa kulia na kutoa jiwe, lakini mfuko wa kushoto ulikuwa umekaliwa na mdogo wake Kalinga, na sikuweza kumwambia ainuke. Mbele yangu kilikuwapo kigoda cha mwanangu, kipya, kitupu. Nikaliweka jiwe hapo.

Luvanda akanyamaza katikati ya neno. Sikumjali. Wimbi lilikuwa linapanda, na kazi yangu ilikuwa mawe. La pili. La tatu. Niliyaweka taratibu, moja kwa kila pumzi mbili. Chumba kilikuwa kimya, na nilikishukuru kimya hicho. Kwenye la tano niliona mkono wa Luvanda umeganda ndani ya koti. Kwenye la sita kaka mkubwa aliinama mbele. Kwenye la saba mwanamke jikoni akapiga kigelegele, nami nikafikiri kuna mtoto amezaliwa jirani. La nane. La tisa. Hapo nilisikia wimbi linaanza kushuka, na nawaambieni, hakuna raha kama hiyo. Nilitabasamu kwa wote.

Kaka mkubwa akasafisha koo. "Mkwe," akasema kwa heshima ambayo sijapewa tangu nizaliwe, "umemaliza, au tuendelee kukungoja?"

"Ngojeni kidogo," nikasema. "Nasikia lipo moja linakuja."

Nikaweka la kumi. Nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Mzee Kalinga alikuwa amesimama, na Ambakisye, nilipomtazama, alikuwa na rangi ya majivu. Luvanda akaniinamia sikioni.

"Mzee, umetoa ng'ombe kumi."

Mimi nina ng'ombe sita, na mmoja wao ni mzee. Nilitazama kigoda. Nikaona njia mbili tu. Kunyamaza, na mwanangu aoe kwa ahadi ya mifugo isiyokuwapo duniani, hadi siku wakwe watakapokuja kuichukua. Au kusema, na kulitaja lile neno ambalo kila ukoo hulichunguza. Niliangalia saa. Wimbi lilikuwa limeisha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka saba kwamba niliogopa kitu kwa sababu ya maana, na nikashangaa kuona kwamba hofu ya namna hiyo inavumilika.

Nikasimama. Niliwaambia haya si ng'ombe. Ni hofu zangu. Niliwaambia kuhusu Uyole na Igurusi, kwamba sikuwadharau hata siku moja, kwamba nilirudi njiani kwa sababu nilidhani nakufa. Niliwaambia jinsi ninavyojitibu, na kwamba sijapona, ila nimejua kipimo chake. Ng'ombe tunao watano wa kutoa, na vijiti vyake viko kwenye koti la Mzee Luvanda. Kisha nikasema, "Kama kwenu hiki ni kichaa, nitaelewa. Kijana hana. Msimhesabie cha baba yake."

Mzee Kalinga alitazama sakafu. Kaka yake alikitazama kigoda kama mtu aliyeona ng'ombe watano wanatoka zizini wenyewe. Niliyasikia mapigo ya saa yangu kiganjani.

Sauti ikatoka nyuma ya mlango wa chumba cha ndani, sauti ya mwanamke mzee.

"Mwulizeni hukaa dakika ngapi."

Mzee Kalinga akasema, "Mama, tafadhali."

"Mwulizeni."

Nikajibu mwenyewe, nikielekea mlango uliofungwa. "Nyingi ni dakika kumi hadi kumi na nne, Bibi. Ndefu kuliko zote ishirini na mbili. Haijawahi kuzidi."

"Mimi sikuwahi kupima," sauti ikasema. "Nilidhani haiishi, kwa hiyo narudi ndani kabla."

Mlango ukafunguka. Alikuwa bibi mwenye umbo dogo sana, kanga mbili, macho makali. Mzee Kalinga alikaa chini kwa uzito. Ikawa zamu yake kuungama. Mama yake hakuwa ametoka uani kwa miaka mitatu, tangu walipomzika baba. Akifika kwenye lango moyo unamkimbia, anashika ukuta, anarudi. Walikuwa wamewaambia majirani kwamba ni miguu. Mazungumzo yalikuwa yafanyike kwa kaka mkubwa, mjini, kama ilivyo desturi; waliyaleta hapa kwa sababu yake, na wakakaa mwezi mzima wakiogopa kwamba sisi tutagundua na kumwacha binti yao. Ndipo nikaelewa Bi Zuhura alichokataa kuniambia kule Igawa.

"Kwa hiyo wewe unasema kifua," Bibi akaniambia, "na mimi nasema miguu."

"Ndiyo, Bibi."

"Basi tungeungana tungepata mgonjwa mmoja kamili."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni Luvanda, kwa yale meno yake machache. Kaka mkubwa alicheka mpaka akaniegemea, nikabanwa ukutani, wala sikuhitaji jiwe. Bibi alikaa chini mbele ya kigoda akaanza kuyagawa mawe kwa kidole. Matano akayasukuma kwa mwanawe. "Haya ni ng'ombe. Yatunze mpaka wafike." Matano akayafunga kwenye pindo la kanga. "Haya ni hofu. Nayachukua mimi."

"Mama," kaka mkubwa akasema, "yaani umekula ng'ombe watano peke yako?"

"Ng'ombe wale wangekamuliwa nini?" Bibi akamjibu. "Leteni chakula, mgeni ametoka mbali."

Tulikula kuku, ugali na maboga yenye karanga. Agneta alileta maji ya kunawa akiwa ameuma mdomo asicheke. Nilipewa ulanzi, pombe ya mianzi, nikanywa nusu kikombe, kiasi ambacho kwa desturi yangu ni nusu kikombe zaidi. Saa kumi ilinikuta uani nikimfundisha Bibi kuvuta pumzi kwa saa yangu, na niliikumbuka zamu ya wasiwasi ilipofika saa kumi na moja na robo.

Kusindikizwa

Nilikaa hadi Jumatatu. Basi la kurudi lilikuwa lipite njia kuu saa tisa na nusu. Kutoka nyumba ya Kalinga hadi njia kuu nilikuwa nimepima: dakika sita kwa mwendo wa kawaida. Niliaga saa tisa na dakika tano, ili nifike mapema, kwa sababu mimi ni mtu wa kufika mapema.

Mgeni hasindikizwi hadi mlangoni tu. Walitoka wote, Mzee Kalinga, kaka yake, Agneta, na Ambakisye aliyebeba sanduku langu. Tulipofika kwenye lango la ua nikageuka kumpungia Bibi kibarazani. Hakuwa kibarazani. Alikuwa nyuma yangu.

"Mgeni wangu nitamsindikiza mwenyewe," akasema. Mkono wake ulikuwa umekaza pindo la kanga.

Langoni alisimama, akashika ukuta. Nilitoa saa nikaishika mahali anapoweza kuiona. Akavuta pumzi kwa nne. Akafungua pindo la kulia, akatoa jiwe, akalifunga pindo la kushoto. Hiyo ilichukua dakika kumi na tatu. Mzee Kalinga alitazama mawingu muda wote, machozi yakimtoka kama mtu aliyekata vitunguu. Kisha Bibi akavuka lango.

Tulikwenda hivyo. Hatua ishirini, jiwe. Hatua hamsini, jiwe. Kwenye mwarobaini wa jirani alisimama kumsalimu mwanamke aliyekuwa akipepeta, ambaye ungo ulimponyoka, na nyuma yetu watu wazima wanne walikuwa wanavuta pumzi kwa nne na kuitoa kwa sita, bila kuambiwa. Nilisikia basi likipiga honi kule mbele. Nilijua ni langu. Ambakisye angeweza kukimbia kulisimamisha, kama ningemtuma. Sikumtuma, wala mimi sikukimbia.

Tulipokanyaga njia kuu jiwe la tano lilikuwa bado pindo la kulia. Bibi alitazama barabara upande wa Mbeya, kisha upande wa mjini, kama mtu anayekagua shamba lake baada ya mavuno.

"Basi lako liko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia limeondoka.

"Basi turudi, ule chakula. Kesho nitakusindikiza tena."

Nilitazama saa. Ilikuwa saa kumi kamili, zamu yangu ya wasiwasi, nami sikuwa na jiwe hata moja mfukoni.